Zima hiyo alamu, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumatatu nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakuonea huruma. Eti unatega alamu saa nane usiku, unaamka na baridi hii ya Sakina ya mwezi wa saba, unapapasa ukuta mpaka kwenye swichi ya hita ya maji ya kuoga, unawasha, unarudi kitandani. Wiki tatu sasa! Na luku ya Sh 80,000 bado haimalizi mwezi. Ukaniuliza: "Mama, kaka anasema kwao umeme wa usiku ni rahisi, anafua usiku ili apunguze bili. Mbona mimi kwangu haushuki?"

Haushuki kwa sababu kaka yako analala Leicester na wewe unalala Arusha. Luku yako haijui saa. Uniti uliyoitumia saa nane usiku na ile uliyoitumia saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa unapika na kuangalia taarifa ya habari, kwa mteja wa nyumbani hapa Tanzania bei ni ileile. Hiyo alamu izime.

Kaka yako lakini hakukudanganya, na nisingependa umpigie simu kumgombeza. Uingereza wana mpango unaoitwa Economy 7, upo tangu 1978. Mita inahesabu namba mbili, ya mchana na ya usiku. Kwa saa saba za usiku uniti inauzwa bei ya chini, maana watu wamelala, viwanda vingi vimefunga, na mitambo mingine, kama ile ya nyuklia, huwezi kuizima na kuiwasha kama jiko la mchina. Umeme upo, wa kuutumia hayupo. Basi wanaushusha bei kama akina mama wa Mbuyuni wanavyoshusha nyanya jua likielekea kuzama. Nyumba nyingi za mpango huo zina hita za ukutani zenye matofali ndani: yanapashwa moto usiku, mchana yanaachia joto taratibu.

Asichokuambia ni kwamba bei yake ya mchana iko juu kuliko ya jirani mwenye mita ya bei moja. Asipohamishia usiku sehemu kubwa ya matumizi yake, anaumia. Tena mita nyingi za zamani za kule haziendi na mabadiliko ya saa wanayofanya wakiingia kiangazi. Mwaka jana alikuwa anawasha mashine ya kufulia saa sita na nusu usiku, anaamini bei imeshuka, kumbe majira yale kwake ilikuwa inashuka saa saba na nusu. Miezi kadhaa anasinzia kwenye kiti, anafua kwa bei ya mchana. Nilimwambia aache kabisa kuiacha mashine ikizunguka yeye amelala. Hata zimamoto wa kule huwaonya watu juu ya jambo hilo.

Huku kwetu saa za msongamano zipo, unaziona mwenyewe taa zinapofifia kuanzia saa moja jioni. Ila mteja wa nyumbani bei yake haibadiliki kwa saa hizo, na hata jirani zetu ng'ambo ya Namanga walipoanzisha punguzo la usiku Desemba 2017, lilikuwa la wafanyabiashara wakubwa na viwanda. Wewe kitu kimoja tu usikiwashe jioni: pampu ya maji. Umeme ukiwa mdogo mota inavuta kwa nguvu, inachemka, inaungua. Hapo unaiokoa pampu, luku haitajua lolote.

Sasa nikuambie luku inajua nini. Inajua mwezi, na inajua wewe uko kundi gani.

Unakumbuka friza langu la barafu na maziwa mgando pale Majengo. Kabla ya friza nilikuwa kwenye kundi la matumizi madogo, lile linaloitwa D1. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayosimamia bei za umeme, mtu wa kundi hilo analipa Sh 100 kwa uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Weka VAT asilimia 18, ya REA, wale wa umeme vijijini, asilimia 3, ya EWURA asilimia 1, inakuwa Sh 122. Kwa hiyo uniti 75 zote nilikuwa nazipata kwa Sh 9,150. Ukizidisha 75 ndani ya mwezi, kila uniti ya ziada ni Sh 350 kabla ya hayo makato, yaani Sh 427 mkononi. Na wale wa kundi la kawaida, T1, ndiko uliko wewe, ni Sh 292 kwa uniti, ukijumlisha makato inafika Sh 356.

Friza likaja. Mwezi wa kwanza nikazidisha, wa pili nikazidisha, nikajiambia biashara ndiyo inavyokula. Siku moja nikatuma Sh 10,000, zikarudi uniti 28. Nilidhani kijana wa kibanda cha wakala kaniibia. Nilikwenda nimefunga kanga kiunoni, simu mkononi, tayari kwa vita, yule kijana masikini akanionyesha risiti: nimehamishwa kundi. Elfu kumi iliyokuwa inanipa uniti sabini na kitu sasa inanipa 28. Barafu nilikuwa nauza Sh 100. Nilikaa na kaunta buku usiku ule mpaka nikaona kwamba barafu inalipa umeme, mimi ninabaki na vijiti.

Friza nikaliuza. Nikasubiri miezi kadhaa, matumizi yakarudi chini, nikapeleka barua ofisini, wakaangalia manunuzi yangu ya nyuma, nikarudishwa D1. Tangu hapo nina mazoea yangu ambayo baba yako, Mungu amrehemu, angeyaita ushamba: ikifika tarehe 27 au 28 na nimeshakaribia 75, sinunui tena. Nabana, pasi haiwashwi, napikia gesi, nangoja tarehe mosi. Uniti ileile niliyoikataa kwa Sh 427 naipata kesho yake kwa Sh 122. Kama unataka umeme wenye saa ya bei nafuu, wangu huo hapo, sema saa yenyewe inagonga mara moja kwa mwezi.

Kwako haitafaa. Una watoto watatu, friji, pasi za shule, jiko la umeme. Uniti 75 kwako zitaisha kabla hujagusa hita, sitaki uwaweke wajukuu wangu gizani kwa ajili ya kundi. Kwa T1 kununua kidogo kidogo au kwa mkupuo bei ni moja. Ukiona mwanzo wa mwezi uniti zimepungua, hiyo ni kodi ya majengo, Sh 1,500, wanaikata kwenye manunuzi ya kwanza. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Wewe ni mpangaji. Kwa mwaka ni Sh 18,000, mkumbushe kwa adabu mnapolipana pango. Tunza zile meseji.

Kwa hiyo kwako kazi ni moja, kujua nani anakula. Nikufundishe nilivyojifunza mimi enzi za friza.

Usiku watoto wakishalala, zima kila kitu na uchomoe friji. Nenda kwenye mita na tochi. Kuna kataa kadogo kekundu kanakopepesa. Pembeni yake pameandikwa namba. Kwangu ni 1000 imp/kWh, maana yake kakipepesa mara 1,000 umetumia uniti moja. Kama yako ina namba nyingine, hesabu kwa hiyo. Vitu vyote vikiwa vimezimwa, katulie. Kakiendelea kupepesa, kuna mahali panavuja, au yule kijana wa chumba cha uani amechomekwa kwenye mita yako bila wewe kuambiwa. Usicheke, mimi nilikuta taa ya geti la jirani.

Kisha washa kimoja kimoja, uangalie saa dakika nzima. Friji likiwa linanguruma utangoja mpaka uchoke, kanapepesa mara mbili tatu tu. Televisheni hivyohivyo. Halafu washa hita. Kama ni ya wati 1,500 kama ulivyoniambia, utahesabu 25 kwa dakika moja, tiki tiki tiki. Pasi haiko mbali na hapo, ila pasi unaizima ukimaliza. Hita ile ya bombani inayochemsha maji hapo hapo, ambayo shoga yako wa Njiro anakusifia, ni wati 5,000 na zaidi: 83 kwa dakika, hutaweza hata kuhesabu. Nilivyosimama mbele ya taa ile na friza langu, nilielewa kuliko nilivyowahi kuelezwa na fundi yeyote.

Sasa hita yako. Lita 50 za maji ya bomba la Arusha asubuhi ya Julai, tuseme nyuzi 18, kuzifikisha nyuzi 60 kunataka uniti 2.4 hivi, na kwa wati 1,500 ni saa moja na dakika 40. Wewe unawasha saa nane usiku. Saa kumi kasoro maji yamechemka. Kuanzia hapo mpaka saa kumi na mbili tangi linapoa polepole kwenye kibaridi cha bafuni, hita inashtuka, inapasha tena, inalala, inashtuka. Hayo yote umelala, hakuna anayeoga. Ile saa yako ya usiku iliyokuwa ikuokoe ndiyo iliyokuongezea. Na asubuhi, kama nakufahamu, unaondoka mbio na watoto unaisahau inawaka mpaka mchana. Jioni mnaoga tena. Nakadiria uniti 4 kwa siku, 120 kwa mwezi. Hizo ni karibu Sh 43,000, zaidi ya nusu ya pesa yote unayolalamikia.

Washa saa kumi na nusu alfajiri, zima ukiingia kuoga. Kama kuamka ni shida, fundi anaweza kukufungia swichi ya saa, hiyo ndiyo kazi ya saa inayostahili kwenye nyumba yako. Mwambie na bomba la maji ya moto alivishe sponji.

Na jioni watoto waogee ndoo. Ulikua kwa ndoo, hukudhurika. Lita 15 za uvuguvugu wa kuogea hazifiki hata uniti 0.4 kwa mtoto. Jagi la umeme mara mbili, changanya na ya baridi, mtoto anaoga bafu linafuka mvuke. Watatu ni uniti moja na kidogo, badala ya tangi zima kwa miili mitatu midogo.

Maharage pia, mwanangu. Jiko lako la sahani lenye wati 1,500 linawaka saa mbili na nusu kwa sufuria moja. Mwenzangu wa kwaya ana sufuria la presha la umeme, wati 1,000, maharage yanaiva kwa muda wa saa moja na muda mwingi limejizima lenyewe. Nimehesabu kataa kake nikiwa kwake, walidhani nimechanganyikiwa. Ukipata hela kidogo nunua hilo kabla ya kitu kingine chochote. Hita ya jua ni nzuri kuliko yote, lakini hiyo ni ya mwenye nyumba, na Julai mawingu ya Meru huyajui wewe?

Ukifanya ya hita na ya maharage tu, nadhani utashuka chini ya hizo uniti 220 na kitu unazotumia sasa. Sitakuahidi zaidi ya hapo.

Nakutumia mzigo kwa basi la saa nne Jumamosi, umpigie konda akifika Kilombero asije akasahau. Kuna ndizi, maparachichi ambayo hayajaiva, uyafunge kwenye gazeti, na ile kaunta buku yangu. Kurasa za mwanzo ni mahesabu ya barafu, zichane. Kuanzia Jumapili saa mbili usiku andika namba ya mita kila siku saa ileile, na pembeni uandike mlichofanya: mmefua, mmepiga pasi, mgeni kaja. Baada ya wiki mbili nisomee kwenye simu nikiwa nimevaa miwani. Mwambie mkubwa asaidie kuhesabu kataa; mwanamume wa miaka kumi atalipenda zoezi hilo kuliko katuni.

Mama yako,
Moshi