Seli ya figo hudumaa au husita?

Swali: Mimi ni mwalimu wa bayolojia, naandaa kijitabu cha Kiswahili kuhusu figo. Nimeandika: "Seli za figo zikipata msongo hudumaa." Mwenzangu anasema sentensi ina kasoro, ila hajanieleza iko wapi. Naomba msaada.

Jibu: Mwalimu, kasoro kubwa imo kwenye "hudumaa". Kudumaa ni kushindwa kufikia kimo. Kliniki humlaza mtoto kwenye ubao wa kupimia, wakalinganisha urefu na umri, ndipo wakasema amedumaa. Hakupenda, amedumazwa na lishe duni. Seli ya figo iliyokosa oksijeni, au iliyodhuriwa na dawa kama jentamaisini, haiko hivyo. Vinasaba vyake vikiharibika, hutengeneza protini za kuifungia breki, mojawapo huitwa p21, isigawanyike kabla ya kukarabati palipoharibika. Imejizuia yenyewe.

Kitenzi chake ni kusita, yaani kuacha jambo kwa muda. Sikiliza taarifa ya habari: pande mbili zikisitisha mapigano, bunduki zimenyamaza, lakini hakuna anayetangaza kwamba vita vimekoma. Kukoma kuwekee seli isiyorudi tena kugawanyika. Nayo usiipite haraka katika kijitabu chako, kwani seli za mirija ya figo zikikwama katikati ya mgawanyiko hutoa kemikali zinazochochea makovu, na palipo na kovu figo haifanyi kazi.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Watu wa maabara wakisema seli "zinakua", mara nyingi wanamaanisha zinaongezeka idadi. Kwetu kukua ni kuwa kubwa. Sasa tazama: mtu mzima akitolewa figo moja, ile iliyobaki hutanuka, na hasa ni kwa sababu kila seli imenenepa, si kwa kuwa zimezaana sana. Katika kisukari pia, mapema kabisa, seli za mirija husita kugawanyika huku zikizidi ukubwa. Mwanafunzi uliyemwambia zimedumaa ataelewaje? Ndiyo maana hata "ukuaji umesita" sikushauri. Taja mgawanyiko.

Kuhusu msongo, neno hilo limeshazoea kukaa na mawazo, na seli haina mawazo. Wapo wanaotumia shinikizo. Katika habari za figo hilo ni baya zaidi, maana msomaji atadhani unazungumzia shinikizo la damu. Mimi napenda dhiki. Mwenye dhiki amepungukiwa na amebanwa, na seli iliyokosa hewa na sukari imepatwa na yote mawili.

Ningeandika hivi: "Seli za figo zikipatwa na dhiki husita kugawanyika ili zijikarabati, dhiki ikizidi, hufa."