Kabla hujaandika ombi la ruzuku ya utafiti wa uloto, hesabu wagonjwa

Wadogo zangu mnaoanza kuomba fedha za utafiti wa magonjwa ya uloto (uboho wa ndani ya mifupa) kushindwa kazi, anzeni na idadi ya wagonjwa. Wengi huanza na jeni wanayoipenda, wakaja kwenye maabara, wakaja kwenye bajeti, na wagonjwa wakawekwa mwisho kwenye aya ya takwimu. Nimeandika maombi haya na nimesoma ya wengine kwa miaka mingi, na hapo ndipo mengi yanapoangukia.

Chukua anemia ya aplastiki, ugonjwa ambao uloto unaacha kutengeneza damu na mtu anapungukiwa chembe nyekundu, nyeupe na zile za kugandisha damu kwa pamoja. Ulaya wanapatikana wagonjwa wapya kama 2 kwa kila watu milioni 1 kwa mwaka. Katika sehemu za Asia ni mara mbili au tatu ya hapo. Kwa kiwango cha Ulaya, jiji la watu milioni 5 litakuwa na wagonjwa wapya 10 kwa mwaka. Sasa toa wanaotibiwa hospitali nyingine, toa waliopata ndugu wa kuwachangia wakaenda kupandikizwa, toa waliofika wakiwa na hali mbaya mno, toa wanaokataa kushiriki, na kukataa ni haki yao. Ukibaki na 4, shukuru. Anayeomba fedha za miaka 2 akaahidi wagonjwa 80 kutoka hospitali moja amejijibu mwenyewe kabla jopo halijakaa.

Upo utafiti mmoja ninaowaonyesha wote wanaoanza. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zililinganisha dawa mbili za kutuliza kinga: globulini inayotokana na farasi na inayotokana na sungura. Walihitaji wagonjwa 120 tu, na hospitali yao hupokea watu kutoka pande nyingi za nchi. Hata hivyo, kuwaandikisha kulianza Desemba 2005 kukaisha Julai 2010. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2011, baada ya miezi 6 ya matibabu dawa ya farasi ilikuwa imewasaidia asilimia 68 na ya sungura asilimia 37, ilhali ya sungura ndiyo iliyotarajiwa kufanya vizuri kwa kuwa nguvu yake ni kubwa zaidi. Lile swali lilikuwa jepesi kulieleza, na jibu lake liliwahusu madaktari siku hiyohiyo lilipotoka. Swali lako lipime kwa kipimo hicho. Na ratiba yako ya kuandikisha wagonjwa, ukiilinganisha na miaka ile ya NIH, iweze kuaminika.

Kwa hiyo kabla ya kuandika tafuta sampuli na kumbukumbu zilizokwisha kukusanywa. Kwa anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaoufanya uloto ushindwe kazi, kuna daftari la kimataifa la wagonjwa lililoanzishwa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, mwaka 1982. Barua ya mtunza daftari inayosema utapewa sampuli ngapi, za wagonjwa wa aina gani na kwa masharti gani, ina uzito kuliko barua tano za maprofesa wanaokusifu.

Fedha zenyewe ziko wapi? NIH ndiyo mlango mkubwa, ila pale unashindana na magonjwa yote ya damu. Mlango ambao wageni wengi hawaujui ni wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ambayo ilianzisha programu ya utafiti wa uloto kushindwa kazi mwaka 2008 kwa dola milioni 1. Msishangae jeshi kuingia humu: mionzi na kemikali kama benzini huharibu uloto, na askari hukutana navyo. Bajeti hii hupangwa na Bunge lao mwaka kwa mwaka, na hata ilipopanda haikufika dola milioni 10. Hakikisha kwanza kwamba mwaka huo fedha zimetengwa, kisha usome tangazo la mwaka huohuo neno kwa neno. La mwaka uliopita usilitumie hata kama yanafanana.

Katika programu hiyo, wagonjwa na wazazi wa wagonjwa hukaa kwenye jopo pamoja na wanasayansi, na kura zao zina uzito uleule. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Muhtasari kwa lugha ya kawaida, ule ambao watu huuandika usiku wa mwisho, unasomwa na mama aliyekaa wodini miezi na mtoto wake. Ukimwandikia kwamba utabainisha njia za ishara za interferoni gama katika seli mama za damu, hujamwambia kitu. Mwambie: tunataka kujua kwa nini kinga ya mwili inaendelea kuushambulia uloto hata baada ya dawa, ili daktari atambue mapema nani atarudiwa na ugonjwa. Utafiti ni uleule.

Mama huyo atauliza pia ni mara ngapi mtoto atachomwa sindano nene ya nyonga kwa ajili ya utafiti wako. Andika wazi kwamba sampuli itachukuliwa siku ileile daktari anapochukua uloto kwa matibabu. Kama haiwezekani, eleza sababu. Nimeona sayansi nzuri sana ikipoteza alama kwa kukaa kimya juu ya jambo hili, na nadhani ilistahili kuzipoteza.

Mfuko wa pili ni wa familia zenyewe. Mwaka 1989 Lynn na Dave Frohnmayer wa Oregon, ambao binti zao watatu walikuwa na anemia ya Fanconi, walianzisha mfuko wa utafiti ambao leo unaitwa Fanconi Cancer Foundation. Wote watatu wamefariki, na mfuko unaendelea. Kuna pia Aplastic Anemia and MDS International Foundation, iliyoanza mwaka 1983, ambayo imekuwa ikiwapa ruzuku watafiti wachanga. Fedha hizi ni ndogo ukilinganisha na za serikali, lakini zinakupa matokeo ya awali, na bila matokeo ya awali ni vigumu NIH wakusikilize.

Na usiogope kuonyesha kwamba ugonjwa adimu unafungua ugonjwa wa wengi. Mwaka 2002 iligundulika kwamba jeni ya BRCA2, inayojulikana kwa saratani ya matiti, ni mojawapo ya jeni za Fanconi. Tangu hapo mtafiti wa Fanconi anaweza kugonga hata milango ya fedha za saratani, mradi uhusiano wenyewe uwe wa kweli katika kazi yake.

Kwa mlioko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ushauri wangu ni kuanza na utambuzi. Mtoto mwenye Fanconi asipopimwa jinsi kromosomu zake zinavyokatika, anaweza kuonekana ana anemia ya aplastiki ya kawaida, na akipandikizwa uloto kwa dozi kamili za dawa za kemikali, dawa zenyewe zinaweza kumuua. Ombi dogo la kujenga kipimo hicho na kuhesabu wanaokihitaji lina maana kubwa. American Society of Hematology wana tuzo ya utafiti kwa wataalamu wa damu walio nje ya Marekani na Kanada, itazameni. Kama sampuli zitasafirishwa kutoka Tanzania, kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na mkataba wa kuhamisha sampuli viingie kwenye ratiba kama kazi ya miezi.

Usajili wa taasisi nao uanze mapema. Taasisi iliyo nje ya Marekani huhitaji kwanza namba ya NCAGE, ambayo ni namba ya utambulisho wa taasisi, ndipo isajiliwe SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili wanaoomba fedha zake, na usajili huo huhuishwa kila mwaka. Hii si kazi ya wiki ya mwisho. Mtafute afisa wa ruzuku wa chuo chako umuulize tarehe usajili unapokwisha.

Ukikataliwa, subiri maoni ya jopo yaje kwa maandishi. NIH huruhusu ombi lilelile lirudi mara moja, ndani ya miezi 37. Soma maoni pamoja na mtu ambaye hakuandika nawe, mweke alama penye kila swali linalohusu wagonjwa, na mjibu hayo kwanza.