Lambo linavuja na mnataka kuziba utoro? Subirini kwanza

Mkuu umeuliza mawili: maji yanachuruzika nyuma ya tuta la lambo lenu la udongo, na mnataka kuziba kidogo utoro, ile njia ya pembeni ya maji ya ziada, ili kiangazi mbaki na maji mengi. Nimekaa kamati ya maji ya lambo dogo miaka kadhaa, hilo la pili naomba msilifanye kabisa.

Sisi tulifanya. Tulipanga viroba vya mchanga mdomoni mwa utoro, kama nusu mita hivi, lambo likajaa na watu wakafurahi sana. Ikaja mvua kubwa usiku, asubuhi tunakuta maji yamepita juu ya tuta pale lilipobonyea kwa sababu ng'ombe walikuwa wanakatiza hapo, yamelikata mpaka chini, upana kama wa mlango, kumebaki tope na vidimbwi. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Na kilichotuuma zaidi ni visima vya bondeni, kiangazi kile vilikauka mapema, ndo tukajua kumbe lambo lilikuwa linavilisha kwa chini siku zote.

Kuhusu kuvuja, chota hayo maji kwenye chupa angavu uache yatulie. Yakiwa masafi na hayaongezeki, wekeni alama mpime kila wiki. Yakiwa na tope maana yake yanabeba udongo wa ndani ya tuta, hapo tundu linachimbika, punguzeni maji haraka, watu wanaokaa bondeni chini ya lambo waondoke na mhandisi aitwe siku hiyohiyo. Angalieni pia kama kuna mti juu ya tuta, mashimo ya wanyama, au unyevu kuzunguka bomba, maji hupenda kufuata bomba pale udongo haukushindiliwa vizuri.

Maji mengi mtayapata kwa kutoa tope kiangazi, ila msichimbe mpaka mkatoboa udongo wa mfinyanzi wa chini maana lambo halitashika maji tena. Ongezeni kina kuliko upana, jua linakunywa sana maji yaliyotandaa. Mifugo nayo inyweshwe kwenye birika chini ya tuta, isiingie ndani.

Kachote hayo maji leo jioni kabla giza halijaingia, halafu rudi hapa utuambie rangi yake.