Re: Goti linavimba nikitembea, je, mazoezi ya majini yanafaa?

Salaam ndugu. Kwa nilivyokuelewa: ni wiki ya nane tangu upasuaji wa goti, ukitembea nusu saa barabarani jioni linavimba, na kuogelea hujui. Kuogelea si lazima. Mimi nilikuwa natembea tu ndani ya maji.

Kwanza kagua kidonda. Kama hakijafunga kabisa au kinatoa majimaji, usiingie, hata bwawa liwe safi vipi. Na kama kilichovimba ni shavu la mguu, linauma na lina joto, achana na maji, nenda hospitali leo hii. Huenda damu imeganda.

Kama uko salama, ingia hadi kifuani. Hapo miguu inabeba takriban theluthi ya uzito wako. Maji yakiwa kiunoni, kama nusu. Nilianza na dakika 10: mbele, kinyumenyume, kiubavu. Kadiri unavyoongeza kasi ndivyo maji yanavyokukinza, kwa hiyo vyuma vya nini? Ila ndipo nilipokosea. Majini maumivu huyasikii, nikapitiliza, usiku goti likawa kama dafu.

Ukitumia bahari, chagua siku za maji mafu, yasipojaa wala kupwa sana. Bamvua, yanapojaa na kupwa sana, lina mkondo, na mguu wako bado mbovu. Vaa yeboyebo kwa ajili ya miiba, usiende peke yako.

Kulikunja goti hadi wapi, muulize mtaalamu wa fiziotherapia anayekuhudumia. Langu lilikuwa la kano, lako hukusema walitengeneza nini.