Kwa Mama wa Makorora na Binti Yake Anayekimbia

Juzi usiku mama mmoja wa Makorora, hapa Tanga, kaniandikia. Binti yake yuko kidato cha tatu, anakimbia mita 1500, kocha anasema atafika mbali. Wiki iliyopita kajifungia chumbani, hataki hata kuziona raba. "Mwanangu, huu ni uvivu au kuna mtu kamfanyia kitu?"

Mtoto kachoka, mama. Hakuna aliyemroga. Nayajua kwa sababu nilipita humohumo.

Mwaka 2019 nilikuwa kidato cha nne, na kwenye mita 800 wasichana wa wilaya yetu walikuwa wakiujua mgongo wangu kuliko uso. (Niacheni nijisifu kidogo, ndicho kilichobaki.) Alfajiri, wanaume hawajatoka msikitini, mimi nishatoka Chumbageni niko njiani kwenda Raskazone. Jioni uwanja wa Mkwakwani, raundi mpaka giza. Ramadhani ilipoingia sikupunguza. Tizi nililihamishia usiku baada ya tarawehe, na daku yangu ikawa maji na tende tatu, maana mwalimu alisema mwili mwepesi ndio unaokimbia.

Ndoto yangu ilikuwa Suleiman Nyambui. Mtanzania mwenzetu, kasoma chuo kikuu cha Texas kule El Paso kwa miguu yake, na 1980 akaleta medali ya fedha ya mita 5000 kutoka Olimpiki ya Moscow. Nilishajiona kwenye ndege. Kumbe vyuo vya Marekani havitazami muda wa mbio peke yake: daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vyao, linataka masomo 16 ya msingi ya sekondari, na alama zake. Daftari langu la Baiolojia lilikuwa na kurasa nne za Baiolojia. Zilizobaki zote ni sekunde na raundi.

Ulianza usingizi. Nachoka kama punda, nikilala moyo unadunda sikioni mpaka adhana. Kisha ugoko wa kushoto, ukawa unauma hata nikipanda ngazi. Kisha siku zangu zikakatika, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Shangazi hakuniuliza kitu. Alikuwa akinitazama tumbo kila nikiinama kuchota maji. Jioni moja akaitwa somo wangu, yule mama aliyenifunda nilipovunja ungo, mlango ukafungwa, nikatakiwa nimtaje mwanaume. Niliapa, nikalia, sikuaminiwa mpaka kipimo cha hospitali kilipotoka. Daktari akatueleza kwamba mwili unaokimbizwa hivyo bila kulishwa hufunga hedhi ili ujiokoe, na mifupa nayo hudhoofika, ndiyo maana ya ule ugoko. Dawa ni kula na kupumzika. Nilipomwambia mwalimu wangu alicheka, akasema wasichana hamwishi visingizio. Neno hilo ninalo mpaka leo.

Nikaenda nalo UMISSETA, michezo ya taifa ya shule za sekondari, Mtwara. Sikuingia hata tatu bora. Miezi iliyofuata nairuka, hamna cha kusimulia zaidi ya kulala. Novemba mtihani, Januari matokeo: C mbili, D tano, divisheni 4 ya pointi 26. Kidato cha tano wanataka C tatu. C moja tu, jamani! Nikarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikaipata, nikasonga. Leo niko mwaka wa tatu chuoni, nasomea ualimu, na nakimbia nikijisikia.

Sasa wadogo zangu, najua wote mnaitaka ile ndege. Pumzikeni. Siku moja kwa wiki bila mazoezi kabisa, mbili zikipatikana. Madaktari wa watoto wa Marekani, hukohuko mnakotaka kwenda, wanashauri mchezo mmoja upumzishwe miezi mitatu kwa mwaka, mwezi mmoja mmoja. Kuleni. Laleni usiku saa zisizopungua nane. Hedhi ikikatika miezi mitatu, hospitali kwanza, somo baadaye. Na pumzikeni, nimeshasema, narudia.

Nanyi wazazi! Medali ikija mnapiga nayo picha sebuleni, mtoto akifeli mnasema hakusoma. Atasoma saa ngapi, na alfajiri mnamwamsha ninyi wenyewe, na jioni mnamsifia kwa majirani kwamba hachoki? Anachoka. Hasemi kwa sababu mmeshamwita Nyambui.

Kwa hiyo mama, usimwamshe kesho. Mpikie uji, mkae. Akisema anataka kurudi mazoezini, muulize mara ya pili baada ya wiki. Na ukienda shuleni kuzungumza na kocha, mchukue na baba yake au mjomba. Mama yangu alikwenda peke yake, na kanga zake mbili, akaambiwa haya ni mambo ya michezo, akarudishwa getini.