Kumpandisha mama Burj Khalifa

Ndugu, nimekuelewa: mna siku mbili Dubai, unatamani kumpandisha mama Burj Khalifa wakati wa machweo, lakini ana shinikizo la damu na anaogopa vimo.

Muulize kwanza daktari wake, kabla hujalipa, kwa kuwa tiketi hukatwa kwa siku na saa maalumu. Jengo lina mita 828, ila wageni wengi huishia ghorofa za kutazamia mandhari, za 124 na 125. Ile ya 148 ni ghali zaidi, na kwa maoni yangu ongezeko hilo la bei halina faida kwa mtu mwenye hofu. Saa za machweo nazo huwa na bei ya juu na foleni ndefu, hivyo ningechagua asubuhi.

Lifti hupanda kwa takriban dakika moja; masikio yakiziba, ameze mate. Mama yangu alibaki kwenye ukuta wa ndani, amenishika kiwiko, hadi alipokisogelea kioo mwenyewe, kwa hiyo usimvute wako. Akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu kisichotulia, waite wahudumu mara moja.