Maswali ya Wasomaji: Sarafu katika Kiganja cha Mwanafunzi

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa kike katika sekondari ya kutwa huku Mbagala, na huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Shuleni kwetu, mwanafunzi anayefika baada ya saa 1:15 asubuhi huzuiwa getini na kuchapwa viboko viwili, na kwa kuwa walimu wa kike ni wachache, wasichana karibu wote huangukia mikononi mwangu. Mwezi uliopita nilimwita msichana wa Kidato cha Pili aliyekuwa amechelewa mara ya tatu wiki hiyo. Alipangusa kiganja chake kwenye sketi, akakinyoosha, nami nikamchapa kimoja. Alipotaka kubadilisha mkono ndipo nilipoona kwamba ule wa pili umeshika sarafu ya shilingi 200, ameibana mpaka imeacha alama kwenye ngozi. Nilipomuuliza, alisema daladala nne zilimwacha Kongowe, makonda wakisema madenti wametosha, akaamua kutembea. Sikumchapa cha pili. Waliobaki kwenye foleni waliona, na ofisini nikaambiwa nina upendeleo. Tangu siku hiyo, zamu yangu ikikaribia dhamiri hunisuta. Je, nimkaidi mkuu wangu, au nifuate utaratibu kama wenzangu? *Mwalimu wa zamu, Mbagala.*

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Barua yako niliisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu nami niliwahi kusimama hapo uliposimama. Nilimchapa kijana mmoja kwa kutofanya zoezi la hisabati, na mchana wake nikaambiwa na dada yake kwamba usiku ule familia nzima ilikuwa imelala msibani. Jambo hilo nililijua baada ya fimbo, ilhali ningeweza kulijua kabla yake kwa swali moja tu, na kijana yule hakuwa na namna ya kunieleza kwa kuwa mimi sikuwa nimemwachia nafasi ya kusema.

Umeuliza kama umkaidi mkuu wako. Kabla ya kufika huko, tazama kwanza kanuni zenyewe, kwa sababu walimu wengi hudhani kwamba dhamiri yao inagombana na sheria, kumbe inagombana na mazoea ya shule. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kwa makosa makubwa ya nidhamu au yanayoweza kuiletea shule aibu, na zinataka uzito wa kosa, umri, jinsia na afya ya mwanafunzi vizingatiwe. Viboko visizidi vinne, vitolewe kwa fimbo nyepesi, mkononi au makalioni juu ya nguo. Mwenye mamlaka ya kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua yeye mwenyewe kwa maandishi, na msichana huchapwa na mwalimu wa kike isipokuwa pale ambapo shule haina. Zaidi ya hayo, kila adhabu huandikwa katika kitabu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa, kisha mkuu hutia saini.

Sasa nikuulize: barua ya kukuteua unayo? Asubuhi zile zote, kitabu kilijazwa? Ninavyozifahamu foleni za getini, hakuna kinachoandikwa pale, kwa kuwa wanafunzi ni wengi na kengele imekwisha kulia. Ukipewa kitabu hicho ujaze mstari wa msichana huyu, penye kosa utaandika nini? Ukiandika "amechelewa", umeandika nusu. Ukiandika "amekataliwa na daladala nne, akatembea kutoka Kongowe", mkono wako wenyewe utagoma kuendelea na safu ya idadi ya viboko. Mwalimu anayesitasita aanzie hapo. Jambo asiloweza kuliandika kwa ukamilifu na kulitia saini mbele ya mzazi, asilitende kwa mtoto wa mzazi huyo. Wengi bado tunamkumbuka yule mwanafunzi wa shule ya msingi huko Bukoba aliyefariki mwaka 2018 baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi. Silitaji kukutisha, nalitaja kwa sababu pale nako hukumu ilitangulia maelezo.

Suala la upendeleo ndilo zito zaidi, na sitaki kulipita juu juu, maana wenzako ofisini hawakukosea kulitaja. Wanafunzi wana macho makali sana ya haki. Ukimwacha huyu na kumchapa anayemfuata, yule wa pili ataondoka akiamini kwamba mwenzake ameponea machozi, na kesho atakuja na machozi yake. Hata hivyo, dawa yake si kuwachapa wote ili walingane. Aliyeshinda kwenye simu mpaka usiku wa manane akashindwa kuamka, na aliyesimama kituoni tangu saa 11 alfajiri huku akisukumwa mlangoni mwa kila gari, wamefika getini dakika ileile, lakini hawajatenda jambo moja. Kuwapa adhabu moja ni kumwonea mmoja wao waziwazi. Haki waliyo nayo wote kwa usawa ni ya kusikilizwa, na hiyo unaweza kuwapa hata kama foleni ni ya watu 40, ukiwa na daftari na dakika chache.

Kwa hiyo, usimkaidi mkuu wako gizani, kwa kujifanya unachapa huku huchapi au kwa kubadilishana zamu na mwenzako ili dhambi iwe yake. Nunua daftari. Kwa wiki mbili, andika kila anayechelewa: jina, saa, anakoishi, amekuja kwa usafiri gani na sababu aliyoitoa. Wapo watakaokudanganya, lakini uongo hauwezi kurudiwa siku 10 bila kujichanganya, na jirani zao wa Kongowe na Chamazi watakusaidia kuupambanua. Kisha mpelekee mkuu faraghani, kwa heshima, na umweleze kwamba ungependa kufuata kanuni kama zilivyoandikwa. Mkuu ana mambo ambayo wewe huna: anaweza kuwaita wazazi, anaweza kuweka mwalimu kituoni asubuhi, na anaweza kuiandikia LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ambayo ndiyo hupanga nauli hiyo ya wanafunzi ya shilingi 200, akitaja njia na saa ambazo wanafunzi huachwa. Daftari lenye saa na majina ya vituo lina uzito ambao malalamiko ya mdomo hayana. Kwa wale wavivu wa kweli, pendekeza kazi ya kufanya wakati wa mapumziko. Usikubali wabakizwe jioni, kwa sababu anayekaa mbali atagombania daladala usiku.

Akikataa yote na kukuamuru uchape, mwombe barua ya uteuzi, na umwambie kwa upole kwamba utaandika kila sababu kitabuni kama ulivyoelezwa na mwanafunzi. Huo si ukaidi. Nakiri kwamba msimamo huo unaweza kukugharimu maneno ya ofisini, pengine hata zamu ngumu zaidi, na sitakuficha hilo.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza. Yule msichana alichapwa kiboko kimoja kisicho haki yake. Katika malezi yetu mkubwa hamwombi mdogo msamaha, hasa mwalimu, na najua wapo wasomaji watakaoona kwamba hapa nimepotoka. Mimi nasema mwombe. Mwite pembeni, si mbele ya darasa, umwambie kwamba siku ile ulipaswa kumuuliza kwanza, na kwamba umejutia. Yatosha hayo. Usimpe alama za bure wala zawadi, kwani hapo utakuwa unalipia raha ya moyo wako, na wenzake watalibaini.

SWALI: Karatasi za jaribio za wanafunzi sita zimenipotea wakati wa kuhama ofisi. Mkuu wa idara anataka orodha ya alama za maendeleo kesho na ameniambia "niwajazie" za wastani. Ni kosa, ikiwa hakuna atakayeumia? *Mwalimu wa Kidato cha Nne, Ubungo.*

JIBU: Ni kosa, na watakaoumia wapo. Alama hizo hupelekwa Baraza la Mitihani na kuhesabiwa katika matokeo yao ya mwisho, kwa hiyo aliyekuwa amefanya vizuri utampunja, na aliyekuwa amefeli utamficha udhaifu wake miezi michache kabla ya mtihani. Waite sita hao kesho asubuhi, uwaambie kwamba uliyepoteza ni wewe, na uwape jaribio lingine la uzito uleule. Mkuu wa idara akiuliza kwa nini orodha imechelewa mpaka mchana, mwekee mezani karatasi sita mpya zilizosahihishwa.